FUNDI WA NYUMBANI: Valvu ni Shahidi, si Mwizi

Miongoni mwa barua zilizotufikia juma hili iko moja iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri na mama mmoja mkazi wa Jinja, nami nimeona si haki kuijibu kwa mistari miwili tu kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Jambo aliloliuliza linawagusa wengi ambao wana mali ya marehemu ndani ya stoo na hawajui waifanyeje.

Mama huyo anaeleza kwamba mume wake, aliyefariki dunia mwaka jana, alimwachia amplifaya mbili za valvu zilizotengenezwa Uingereza, ziitwazo Quad II, pamoja na chombo chake cha kuongozea sauti na sanduku la santuri. Marehemu alizinunua kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Zilipiga muziki sebuleni kwa miaka mingi, kisha redio za kaseti zikaingia, na hatimaye zikawekwa stoo. Sasa zina miaka kumi na minane hazijawashwa. Siku ya kumbukumbu ya marehemu inakaribia, na kijana wa mwisho wa mama huyo anataka kuzichomeka ukutani ili nyimbo alizozipenda baba yake zisikike siku hiyo. Fundi mmoja wa mtaani alipoitwa alizitazama kwa dakika tano, akasema valvu zote kumi zimekufa, akaomba azichukue bure akazitupe na kutia nyingine. Naye mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kuzipima kwa macho na kutaja bei ya kilo. "Mwanangu ana haraka, fundi ana haraka, mnunuzi ana haraka," anaandika mama. "Nimsikilize nani?"

Mama, kwa juma hili usimsikilize hata mmoja wao. Kijana asichomeke, fundi asichukue valvu, na mnunuzi aende zake. Sasa tuketi nikueleze sababu.

Kosa nililolifanya mimi

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na sita, baba yangu mdogo alikuwa na redio kubwa ya valvu yenye kinanda cha santuri, iliyokaa miaka sita katika chumba cha akiba nyuma ya jiko. Siku moja kabla ya sikukuu, bila kumwuliza mtu, niliipangusa vumbi nikaichomeka. Ikaimba! Kwa muda wa nusu dakika hivi niliona fahari ambayo sijaiona tena. Kisha sauti ikaanza kukwaruza, bamba ndani ya valvu moja likawa jekundu kama chuma cha mhunzi, na chumba kikajaa harufu ya lami. Nilipochomoa waya, transfoma ilikuwa imekwisha kuungua. Nikadhani mwizi ni ile valvu iliyokuwa nyekundu. Nikatumia akiba yangu yote kununua mpya. Nayo ikawa nyekundu vilevile.

Baba mdogo hakunigombeza. Aliifunika redio ile kitambaa, ikawa meza ya kuwekea vyombo mpaka alipofariki. Tangu siku ile nimejifunza jambo moja ambalo ndilo jibu la barua hii: katika chombo cha zamani, valvu inayoonekana ina kosa mara nyingi ni shahidi tu. Mwizi amejificha chini ya fremu, naye ni kitu kidogo cha bei ndogo.

Chombo hiki ni cha namna gani

Quad II ilianza kuuzwa mwaka 1953, mwaka mmoja kabla ya bwawa la maporomoko ya Owen kufunguliwa hapo hapo Jinja mwaka 1954. Aliyeanzisha kampuni iliyoitengeneza ni Mwingereza Peter Walker. Aliianza mwaka 1936, na baadaye kiwanda kikawa katika mji wa Huntingdon. Nguvu ya kila amplifaya ni wati 15. Kwa kijana wa leo aliyezoea spika zinazotikisa madirisha, wati 15 ni kichekesho. Lakini kwa sebule ya nyumba ya kawaida na spika nzuri zinatosha kabisa. Kila moja ina uzito wa kilo nane hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo ni transfoma mbili zilizofunikwa kwa masanduku ya chuma.

Kila amplifaya ina valvu tano, ndiyo maana mbili zina kumi. Ndogo mbili zimeandikwa EF86. Hizo hupokea sauti dhaifu na kuikuza. Kubwa mbili zimeandikwa KT66. Hizo ndizo zenye kazi nzito. Ya tano ni GZ32, ambayo hugeuza umeme unaokwenda na kurudi uwe umeme wa upande mmoja, wenye volti 340 hivi.

Zile KT66 mbili hufanya kazi kama watu wawili wanaopasua mbao kwa msumeno mrefu: mmoja anavuta, mwenzake anaachia, kisha wanabadilishana. Transfoma ya pili huipokea kazi yao na kuipeleka kwenye spika. Msumeno ukivutwa na mtu mmoja tu, au wote wawili wakivuta bila kupumzika, ubao huharibika na watu huchoka. Katika amplifaya, kuchoka huko ndiko kule kuwa nyekundu.

Nani basi anayewaambia wavutaji hawa wavute kiasi gani? Ni vitu vidogo viwili. Cha kwanza ni rezista moja ya omu 180, iliyo chini ya KT66 zote mbili. Umeme wa valvu zote mbili hupita humo, na katika amplifaya yenye afya utapima volti 26 hivi juu yake. Gawanya 26 kwa 180, utapata ampea 0.144, yaani kila valvu inapitisha ampea 0.07 hivi. Zidisha 26 kwa 0.144, utaona kwamba rezista hiyo peke yake inabeba karibu wati 4 za joto muda wote chombo kinapowaka. Ni kama punda anayebeba gunia mchana na usiku. Baada ya miaka mingi huchoka na thamani yake hubadilika. Thamani ikishuka, valvu hupitisha umeme kupita kiasi. Kando yake ipo kondensa ya maikrofaradi 25. Hiyo ikipasuka ndani na kugusana, rezista inakuwa kama haipo, na valvu zinakosa mtu wa kuzizuia.

Kitu cha pili ni kondensa mbili za maikrofaradi 0.1 zilizo kati ya EF86 na KT66. Kazi yake ni ya bawabu: kuruhusu sauti ipite, na kuzuia volti za juu zilizoko upande wa EF86 zisivuke. Kondensa za zamani nyingi zilitengenezwa kwa karatasi, na karatasi hunywa unyevu. Hewa ya kando ya ziwa nayo haina huruma. Bawabu akianza kusinzia, volti chache huvuka na kufika kwenye gridi ya KT66. Volti hizo chache ni kama amri ya kusema "vuta zaidi." Valvu inatii. Inavuta mpaka inakuwa nyekundu, na ikiachwa hivyo inaunguza transfoma. Hayo ndiyo yaliyonipata mimi. Niliponunua valvu mpya nilimwajiri mtumishi mpya chini ya bawabu yule yule aliyelala.

Kwa nini kulala kunaharibu

Watu husema, "Chombo hakikutumika, basi hakijachakaa." Kwa sufuria ni kweli, lakini si kwa amplifaya. Ndani yake zimo kondensa kubwa za kulainisha umeme; katika Quad II ni mbili za maikrofaradi 16 ndani ya kopo moja. Kondensa za namna hiyo zina utando mwembamba mno juu ya bati la alumini, na utando huo hudumishwa na umeme wenyewe. Chombo kikilala miaka mingi, utando hudhoofika. Ukikishtua ghafla kwa volti mia tatu na zaidi, kondensa hupitisha umeme mwingi, hupata moto, na pengine hupasuka. Nayo GZ32 na transfoma hulipa deni ambalo si lao.

Sasa pima bei, mama. Kondensa na rezista nilizozitaja ni vitu vidogo vinavyopatikana katika maduka ya vipuri vya elektroniki ya miji mikubwa. Valvu za aina ya KT66 bado zinatengenezwa hata leo, kwa mfano nchini Slovakia. Lakini transfoma ile ya asili ikiungua, kuipata nyingine ni kazi ya miezi na fedha nyingi. Kwa hiyo mtu anayejaribu chombo kwa kukichomeka tu "tuone" anaweka rehani kitu cha thamani kubwa ili aokoe kitu cha bei ya kilo ya sukari.

Mambo unayoweza kuyafanya wewe mwenyewe

Haya, mama, hayahitaji umeme wala ufundi. Hakikisha kwanza kwamba hakuna waya uliochomekwa ukutani.

Andika katika daftari maandishi yote yaliyo juu ya kila valvu: jina lake, nchi iliyotajwa, alama na namba ndogo. Ukiweza, piga picha. KT66 za asili zilizotengenezwa Uingereza hutafutwa na wapenzi wa muziki wa nchi nyingi, na zikiwa nzima huuzwa kwa bei kubwa. Simsingizii fundi wako, sikumwona. Lakini mtu hawezi kujua kwamba valvu kumi zimekufa kwa kuzitazama dakika tano, na kitu cha kutupwa hakiombwi.

Kisha tazama kila valvu kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya kioo utaona doa linalong'aa kama fedha. Likiwa bado linang'aa, hewa haijaingia. Likiwa jeupe kama maziwa, kioo kimepata ufa, na valvu hiyo kweli imekufa. Hiyo ndiyo alama pekee ya kifo inayoonekana kwa macho. Kioo kilichopata weusi kidogo si dalili ya kifo. Wala usishangae baadaye zitakapowashwa ukiona mwanga hafifu wa buluu karibu na kioo cha KT66. Huo ni wa kawaida. Mwanga wa zambarau unaojaa katikati ya valvu ndio mbaya, kwani huonyesha kuwa ndani kuna gesi.

Nusa masanduku ya transfoma. Harufu ya vumbi na mafuta ya zamani si neno. Harufu kali ya lami iliyoungua ni habari mbaya, na afadhali uijue kabla ya kulipa fedha za matengenezo.

Tazama waya wa umeme. Mpira wa zamani hukauka ukapasuka kama udongo wa kiangazi. Ukiona hivyo, ufunge fundo na uandike karatasi "USICHOMEKE," uibandike juu. Karatasi hiyo imeokoa watoto wengi.

Mambo ya fundi, na jinsi ya kumtambua

Sasa mtafute fundi mwenye subira, na ukikosa Jinja, mtafute Kampala. Usione haya kumwuliza maswali. Anayeijua kazi yake hukasirishwa na pupa, hakasirishwi na maswali. Nitazieleza hatua moja moja ili kijana wako pia asimame kando ajifunze.

Kwanza, fundi aheshimu mauti. Ndani ya chombo hiki mna volti mia tatu na zaidi, na kondensa huweza kuzihifadhi hata baada ya waya kuchomolewa. Kila mara kabla ya kuingiza mkono, azimwage kwa rezista ya omu 10,000 ya wati 5 iliyofungwa waya zenye mpira, aishike pale kwa sekunde kumi, kisha apime kwa mita kuhakikisha kwamba volti zimekwisha. Asizimwage kwa bisibisi. Mshtuko huo huumiza kondensa, na cheche yake yaweza kumrukia machoni. Chombo kikiwa kinawaka, mkono mmoja ukae mfukoni. Fundi asiyefanya hivyo mwambie aende, kwa usalama wake na wa nyumba yako.

Pili, aondoe waya mbovu wa umeme na kutia mpya wenye nyuzi tatu, ule wa ardhi ukiwa umekazwa barabara kwenye fremu ya chuma. Awe mwangalifu na rangi: katika nyaya za zamani za Kiingereza, nyekundu ni wa moto, nyeusi ni wa kurudi, na kijani ni wa ardhi, katika mpya, kahawia ni wa moto, buluu ni wa kurudi, na kijani chenye mstari wa njano ni wa ardhi. Ndani ya plagi atie fyuzi ya ampea 3, si ile ya 13 inayokuja na plagi, ambayo ingeacha nyumba iungue kabla yake. Aangalie pia mahali pa kuchagua volti kwenye transfoma. Pasiwe pamewekwa volti za chini kuliko za ukuta wako.

Tatu, abadilishe wezi kabla hawajaiba. Zile kondensa mbili za maikrofaradi 0.1 atie mpya za plastiki za volti 630. Kondensa ya maikrofaradi 25 atie ya volti 50 au zaidi, kwa sababu volti 26 hukaa juu yake muda wote. Rezista ya omu 180 atie ya wati 10, akiinyanyua kidogo isiguse kitu ili joto lake lipande juu. Kopo la kondensa kubwa alibadilishe pia, kwa thamani ile ile au iliyozidi kidogo, kama maikrofaradi 22, zenye volti 450 au 500. Wako mafundi wanaoamini kwamba kubwa ndiyo nzuri, nao hutia mia moja au mia mbili. Huo si wema. Kondensa kubwa mno hunywa umeme kwa pupa inapojaa, na anayelazimika kuinywesha ni GZ32, ambayo haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Rezista nyingine azipime moja moja kwa mita, chombo kikiwa kimezimwa. Za zamani za kaboni hupanda thamani kwa umri. Iliyopotea zaidi ya sehemu moja katika tano ibadilishwe. Iliyo sawa iachwe. Miguu ya valvu na matundu yake asafishe kwa dawa ya kusafishia vipuri vya umeme. Mikwaruzo mingi inayosikika kwenye spika hutoka kwenye matundu machafu, si kwenye valvu.

Nne, aiamshe pole pole. Hapa nitawapa wasomaji wote siri ya zamani ya mafundi isiyo na gharama: balbu ya wati 100 inayofungwa mfululizo na waya wa moto, ili umeme upite kwanza ndani ya balbu kabla ya kufika kwenye chombo. Lazima iwe balbu ya zamani ya waya inayotoa joto. Hizi mpya za LED hazifai kwa kazi hii. Chombo kikiwa na hitilafu, balbu inawaka sana na kuubeba mzigo wote, na transfoma inapona. Kikiwa kizima, balbu inang'aa kidogo kisha inafifia.

Aanze bila GZ32, aichomoe kabisa. Kwa njia hiyo hakuna volti za juu zinazozalishwa. Transfoma tu ndiyo inayofanya kazi, pamoja na nyuzi za joto za valvu, ambazo zinahitaji volti 6.3. Balbu ya majaribio isiwake zaidi ya wekundu hafifu. Aache hivyo nusu saa, akigusa sanduku la transfoma mara kwa mara. Uvuguvugu ni sawa. Moto usioshikika si sawa. Transfoma ikipita mtihani huo, mama, pumua, kwani jambo kubwa limekwisha.

Kisha aunganishe spika. Amplifaya ya valvu haiwashwi kamwe bila spika au rezista kubwa ya kushika mahali pake. Ikikosa pa kupeleka nguvu, volti huruka ndani ya transfoma ya sauti na kuitoboa. Ndipo airudishe GZ32 mahali pake, balbu ikiwa bado ipo. Mambo yakiwa shwari, aiondoe balbu, awashe moja kwa moja, na kupima kwa haraka: volti 26 hivi juu ya ile rezista ya omu 180, na sifuri au karibu na sifuri kwenye gridi za KT66. Akiona volti moja au mbili pale kwenye gridi, bawabu analala au valvu yenyewe ina kasoro. Azime, ainue kondensa, apime tena. Akiona bamba la valvu linaanza kuwa jekundu, azime papo hapo. Asihesabu hata tano.

Ni hapo tu, baada ya hayo yote, ndipo valvu zinapohukumiwa. Kwa kuwa marehemu aliacha amplifaya mbili zilizo sawasawa, mnayo mizani ya bure kabisa. Sauti ikikwaruza upande wa kushoto, zima, subiri ipoe, hamisha valvu moja kwenda kulia. Kasoro ikihama pamoja na valvu, valvu ina kosa. Ikibaki kushoto, valvu haina hatia. Mngurumo mzito unaosikika hata sauti ikiwa imefungwa mara nyingi hutoka kwenye kondensa kubwa au kwenye waya wa ardhi uliolegea. Na ikitokea KT66 moja imechoka, nunueni mbili zinazolingana, kwa sababu zote mbili zinagawana rezista moja. Mkiweka kijana na mzee kwenye msumeno mmoja, kijana ataubeba mzigo wote.

Kwa kijana

Sasa neno moja kwa mwanao, mama, ukimsomea barua hii. Kijana, nia yako ni njema. Unataka sauti ya baba yako irudi sebuleni, na hakuna atakayekulaumu kwa hilo. Lakini ukizichomeka leo, yaweza kutokea ukapata nusu dakika ya wimbo na miaka mingi ya majuto. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, nami niliila nusu dakika ile, najua ladha yake. Kama matengenezo hayatakamilika kabla ya siku ya kumbukumbu, azimeni kifaa cha jirani mpige nyimbo hizo siku hiyo, na hizi za baba zisubiri. Marehemu hatakosa heshima kwa kungojewa.

Nawe, mama, kuhusu mnunuzi: uamuzi wa kuuza ni wako, wala si aibu, hasa kama kuna karo ya kulipa. Lakini usiuze kwa kilo. Kitu kilichotengenezwa vizuri na kutunzwa kizima, wapo watu wanaokijua thamani yake. Kikaguliwe kwanza, kijulikane hali yake, ndipo bei izungumzwe. Na mkiamua kubaki nazo, ziwekeni mahali penye hewa, zisifunikwe vitambaa wala vitabu, na ziwashwe walau mara moja kila mwezi kwa saa moja. Kondensa hupenda kutumika.

Kwa juma hili, basi, kazi yako ni tatu tu: daftari la namba za valvu, karatasi ya "USICHOMEKE," na jina la fundi mmoja atakayekubali kujibu maswali bila kununa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sembuse koleo lenyewe halijavunjika, limelala tu. Ukisikia santuri ya kwanza imepiga mpaka mwisho, tuandikie utuambie ilikuwa wimbo gani.

Juma lijalo tutajibu maswali matano kuhusu pasi ya umeme isiyopata moto sawasawa. Wasomaji mnaombwa kuandika barua zenu kwa ufupi na kwa mwandiko unaosomeka.